Kitalu cha Mlima Lugenda

1

Obadia Msigwa, mchimbaji wa handaki, aliletwa kituo cha afya saa nne asubuhi akiwa kwenye machela, anacheka. Kicheko hicho ndicho kilichompandisha hasira Daktari Sekela Kyando kabla hata hajaifunua ile miguu. Mtu aliyeangukiwa na jiwe la ukubwa wa kabati, mapaja yote mawili yakavunjika, hana cha kuchekea. Ni kweli alikuwa amechomwa dawa ya maumivu huko huko ndani ya handaki, na dawa ile humlegeza mtu ulimi, lakini Sekela alimfahamu Obadia kiasi cha kujua kwamba angecheka hata bila dawa. Alicheka kwa sababu haogopi. Na kutoogopa huko alikupata kwake yeye, daktari wake.

"Daktari, nimekuletea kazi tena," alisema. "Safari hii yote miwili, usije ukasema napendelea mguu mmoja."

Wauguzi wakacheka naye. Sekela akachukua mkasi, akakata suruali kuanzia pindo hadi kiunoni, akatazama. Ngozi ilikuwa imepasuka sehemu moja tu, juu ya goti la kulia, lakini mapaja yalikuwa yamepinda mahali ambapo paja halipindi. Akaagiza picha, akaagiza damu, akaagiza watu wanyamaze.

Hii ilikuwa mara ya nne ndani ya miezi ishirini na miwili. Mara ya kwanza ulikuwa muundi wa kushoto. Miezi saba baadaye, paja la kulia, lile lile lililovunjika leo. Kisha mtulinga pamoja na mbavu tatu. Kila mara Sekela alimtoboa nyonga kwa sindano nene, akanyonya uboho kiasi cha kijiko, akauchuja hadi zikabaki seli shina peke yake, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini mwilini, akazipeleka kitaluni.

Kitalu kilikuwa chumba cha nyuma chenye joto la mwili wa mtu, na ndani yake masinia ya kioo yamepangwa safu kwa safu kama miche ya kahawa. Humo seli zilikaa siku sita zikila na kuongezeka. Wakati huo mashine ilikuwa inachapa kiunzi, kipande cha madini chenye vitundu, chenye umbo la mfupa uliopotea bila kuzidi wala kupungua. Seli zilipandwa kwenye kiunzi, kiunzi kikawekwa mguuni, na mgonjwa akachomwa dawa ambayo Sekela mwenyewe aliipa jina la wito, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuziita seli shina nyingine kutoka kila pembe ya mwili zije kusaidia ujenzi. Siku ya kumi na tisa mtu alisimama. Baada ya mwezi kiunzi kilikuwa kimeyeyuka chote, na ukipiga picha huoni ufa wala kovu, huoni dalili yoyote kwamba mfupa ule uliwahi kuvunjika.

Ilikuwa kazi ya miaka kumi na minne ya maisha yake. Watu waliiita Njia ya Kyando, na yeye hakuwahi kuwakataza.

2

Bi Zamaradi, msimamizi wa kitalu tangu kilipofunguliwa, hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Mchana ule alimwita Sekela maabara, akamwachia kiti kilicho mbele ya hadubini, akasimama pembeni amekunja mikono.

Kabla ya kupanda chochote walikuwa na desturi ya kupima akiba. Tone la uboho lilitiwa rangi, seli shina zikang'aa kijani, zikahesabiwa. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano huwa nazo kama mia mbili katika tone moja. Obadia, siku ya kwanza alipoletwa, alikuwa nazo mia mbili na kumi.

Sekela akahesabu. Akahesabu tena katika tone jingine, la nyonga ya upande wa pili. Zilikuwa tisa.

Akauliza zilikuwa ngapi Obadia alipoletwa mara ya tatu.

"Sitini na mbili," Zamaradi akajibu. "Nilikuandikia. Ukasema zitarudi."

Alisema hivyo, ni kweli. Wagonjwa wake wa kwanza walikuwa mabibi waliovunjika nyonga, watu wa kutibiwa mara moja na kwenda zao, na kwao akiba ilishuka kisha baada ya mwaka ikarudi. Ndiyo maana katika mwongozo wake wa mwanzo aliandika kwamba mtu asikuzwe mfupa mara ya pili kabla ya mwaka kupita. Halafu akaja Obadia na paja lake, miezi saba tu tangu muundi, akimsihi kwamba timu yake haiwezi kuchoronga mwamba bila yeye. Sekela alikuwa na shauku ya kuona kama itawezekana. Akaandika ruhusa ya pekee, mfupa ukaota vizuri kuliko ule wa kwanza, na yeye akaenda kusimulia mkutanoni. Muda mfupi baadaye kampuni ya Mkondo, iliyokuwa inachimba handaki, ilichapisha mwongozo mfupi kwa ajili ya kituo, na sentensi ya mwaka mmoja haikuwemo. Angelalamika vipi, wakati wa kwanza kuivunja alikuwa yeye mwenyewe?

Akamwomba Zamaradi atoe majina ya wote waliotibiwa zaidi ya mara moja. Kati ya watu arobaini na sita waliopitia kitalu, kumi na tisa walikuwa wamerudi. Wote kumi na tisa walikuwa chini ya mia, na hakuna hata mmoja ambaye akiba yake ilikuwa imepanda tangu hapo, hata wale waliokwisha kukaa mwaka mzima. Dawa ya wito ilikuwa imeziita seli, zikaja, zikawa mfupa, na nyuma yake hazikubaki za kuzaa nyingine. Mtu kama huyo akivunjika tena, hata kwa kuteleza bafuni, mfupa wake hautaunga kama wa watu wengine. Utajikongoja miezi na miezi, na huenda usiunge kabisa.

Sekela alikaa pale kwa muda akitazama vile vidoti tisa vya kijani. Alitamani kuipiga ile hadubini ngumi.

3

Alirudi wodini, akavuta kiti karibu na kitanda cha Obadia. Dawa ilikuwa inaanza kuisha nguvu na kicheko kimekwisha. Alimweleza yote bila kuzungukazunguka, habari ya akiba, habari ya zile tisa. Obadia alisikiliza huku akitazama dari, kisha akauliza kama hiyo inamaanisha itachukua siku zaidi ya kumi na tisa.

Sekela akamuuliza jiwe lilimpataje.

Obadia akamsimulia kama mtu anayesimulia mvua. Walikuwa kwenye sehemu ya mwamba laini, ambapo mlima hauna msimamo, na dari ilikuwa imeanza kudondosha vumbi tangu asubuhi. Waliendelea kuchoronga. Sekela akauliza matao yalikuwa wapi, maana alikumbuka kwamba zamani walisimamisha tao la chuma kila hatua moja kabla ya kusogea mbele. Obadia akasema matao yapo, ila siku hizi ni kila baada ya mita nne.

"Tangu lini?"

"Tangu kitalu," alisema Obadia, kana kwamba daktari anauliza kitu ambacho kila mtu anakijua. "Tao moja linakula siku nzima. Mwanzoni tulilalamika. Halafu tukaona mtu anaanguka, mwezi haujaisha amerudi, mzima. Tukazoea."

Akaongeza kwamba zimebaki mita mia nne tu wakutane na wenzao wanaochimba kutoka upande wa pili wa mlima. Alikuwa ndani ya handaki lile tangu siku ya kwanza, miaka sita iliyopita, na alikuwa ameahidiwa kwamba mashine itakayotoboa ukuta wa mwisho ataishika yeye. Hakuwa na nia ya kuikosa siku hiyo, hata kama ingembidi asimame kwa miguu ya kuazima.

4

Sekela hakuwa ameingia handakini tangu sherehe ya kufungua kitalu. Siku hiyo hakumwomba mtu ruhusa. Alichukua helmeti kwenye ndoano, akapanda kigari kile kile cha umeme kilichomleta Obadia, akamwambia dereva ampeleke hadi mwisho.

Kilomita za mwanzo zilikuwa kama alivyozikumbuka. Matao yalipita moja baada ya jingine, karibu karibu, na taa zikipiga juu yake ulidhani unapita ndani ya mbavu za mnyama mkubwa. Kisha, mahali fulani, mbavu zikaanza kuachana. Sekela akamwambia dereva apunguze mwendo. Alishuka, akapima kwa hatua zake mwenyewe. Hatua sita za mwanamke mfupi kutoka tao hadi tao, na katikati mwamba mtupu umevikwa wavu wa waya kama tenga la kuku.

Kando ya ukuta, kila baada ya mita hamsini, kulikuwa na sanduku la kijani. Alifungua moja. Ndani mlikuwa na machela iliyokunjwa, sindano za dawa ya maumivu zilizojazwa tayari, vifungo vya kukazia mguu, na karatasi yenye michoro inayoonyesha jinsi ya kumwinua mtu aliyevunjika. Juu ya karatasi palikuwa na picha yake yeye Sekela, akiwa amevaa koti jeupe, anatabasamu. Alifungua sanduku la pili na la tatu. Yote yalikuwa hivyo.

Pale jiwe lilipoanguka, wenzake Obadia walikuwa tayari wameshalivunja na wanaendelea na kazi. Mmoja alimtambua, akapunga mkono, akawaambia wengine kwa sauti ya kujivunia kwamba huyo ndiye daktari wetu. Juu ya vichwa vyao vumbi lilikuwa linadondoka polepole kama unga unaochekechwa. Sekela aliwaambia watoke. Wakatazamana, wakadhani wamesikia vibaya kwa sababu ya kelele za mashine. Akarudia, safari hii kwa ukali, na msimamizi wao akamwambia kwa adabu sana kwamba amri ya kutoka hutoka kwa mhandisi mkuu.

5

Mhandisi mkuu, Lauteri Komba, alimpokea akiwa amesimama, akamwagizia chai ambayo Sekela hakuigusa. Walikuwa wanaheshimiana. Miaka mitatu nyuma Sekela alimkuzia mama yake nyonga mpya, na mama yule hadi leo analima bustani yake mwenyewe kule Mbinga.

Sekela alimuuliza nani aliamua matao yaachane mita nne. Komba hakukana wala hakumtafutia mwingine wa kumtupia. Alifungua kishikwambi, akamwonyesha mpango wa usalama wa handaki, ukurasa baada ya ukurasa, uliopitishwa kihalali na kila aliyepaswa kuupitisha. Katika ukurasa wa kumi na mbili, kwenye orodha ya vitu vinavyomlinda mfanyakazi, baada ya wavu na kabla ya helmeti, palikuwa pameandikwa: Njia ya Kyando.

"Umeniweka kwenye orodha moja na helmeti," Sekela alisema.

Komba akamwomba asikasirike, amsikilize. Akamkumbusha miaka mitatu kabla ya kitalu. Wakati ule matao yalikuwa kila mita moja na bado walikufa watu kumi na mmoja, kwa sababu kusimamisha tao ndiyo kazi ya hatari kuliko zote. Anayelisimamisha hukaa chini ya mwamba ambao bado haujashikwa na kitu. Wakipunguza matao, watu wanakaa muda mfupi chini ya mwamba huo. Wengi zaidi wanavunjika, hilo alikubali, lakini wanavunjika miguu na mikono, na miguu na mikono inaota.

"Miezi ishirini na miwili, Daktari. Nitajie jina la mtu mmoja aliyekufa."

Sekela hakuwa na jina. Hilo lilimuudhi kuliko yote, kwamba hesabu ya Komba ilikuwa sawa na bado ilikuwa uovu. Alimweleza habari ya akiba. Akamwambia kuna watu kumi na tisa ambao miili yao haina tena cha kujengea, na kila mmoja wao anarudi chini ya mwamba kila siku akidhani ana mfupa wa akiba stoo.  Komba akauliza kama hakuna kichocheo, maana alisoma mahali kwamba kuna dawa inayozilazimisha seli chache zilizobaki kuzaana upya.

Kipo, Sekela alimjibu. Katika panya kumi waliopewa, wanne seli zao zilikataa kuacha kuzaana. Uvimbe uliwatoka hadi kwenye mataya.

"Sita hawakupata uvimbe," Komba akasema.

Sekela alisimama. Alimwambia atawaandikisha wote kumi na tisa kwa mkaguzi mkuu kama watu wenye ulemavu wa kudumu. Sheria ilitaka kampuni itoe taarifa ya kifo au ulemavu wa kudumu tu; mfupa ulioota ukakamilika haukuhesabiwa kuwa kitu, na ndiyo maana katika vitabu vya serikali mlima ule ulikuwa mahali salama kuliko shule. Fomu kumi na tisa za siku moja zingesimamisha handaki kabla ya wiki kwisha.

Komba aliinama mbele, akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa wa kweli:

"Dada yangu, fikiri kwanza. Utaandika kwamba kilichowalemaza ni nini? Jiwe halikuwalemaza, uliwaponya. Utaandika kwamba ni dawa yako. Siku hiyo hiyo watafunga vitalu vyote sita nchini, na cha Mbeya kikiwemo. Una watoto wangapi kwenye orodha ya Mbeya?"

Thelathini na wawili. Watoto waliozaliwa na mifupa myepesi kama mabua ya mtama, wanaovunjika wakigeuka kitandani. Kwa ajili yao ndiyo alianza kazi hii. Kwa mtoto anayekuzwa mara moja, kwa utaratibu, Njia ya Kyando ilikuwa salama. Hilo alikuwa na hakika nalo kama anavyojua jina lake. Lakini wakaguzi hawatatenganisha. Watafunga kwanza, watauliza baadaye, na huko kuuliza kutachukua mwaka, miwili, pengine zaidi, na mifupa ya mtoto haingoji.

Alitoka bila kuaga. Alizunguka jengo lile mara mbili katika jua la saa tisa, akiongea peke yake kwa Kinyakyusa, matusi ambayo hakuwa ameyatamka tangu shule ya msingi. Alimtukana Komba. Alimtukana aliyefuta ile sentensi. Alipofika zamu yake mwenyewe alitulia, akayatafuta matusi makubwa zaidi.

6

Tulizo, mkewe Obadia, alikuwa amefika kutoka kambi ya familia na ameketi kitandani, mkono mmoja juu ya kifua cha mumewe. Komba alikuwa ameshawatumia mtu, kwa hiyo habari ya kichocheo walishaisikia. Obadia alikuwa anakitaka. Alisema yeye si panya.

Sekela aliwaeleza alichokusudia: kumfungua mapaja yote mawili, kuyanyoosha, na kuyafunga kwa mabamba ya chuma na skrubu, kama walivyofanya babu zao wa udaktari. Mfupa utaunga kwa shida, labda miezi tisa, labda mwaka, na hautakuwa na nguvu ya zamani. Atachechemea. Handakini hatarudi.

Obadia alimgeuzia uso uliojaa chuki. Alimwambia kwamba ana kitalu kizima nyuma ya ukuta ule na anamnyima, ili amwonyeshe kwa wakaguzi kama ng'ombe wa maonyesho. "Mara ya pili," alisema, "ulipotaka sifa, ulinivunjia sheria. Leo unataka kutubu, unatubia miguuni kwangu."

Sekela hakujitetea, kwa sababu maneno yale yalikuwa ya kweli, au karibu sana na kweli. Alisema tu kwamba kichocheo hatakitoa kwa mtu yeyote, na kama Obadia anataka daktari mwingine atamwandikia rufaa saa hiyo hiyo.

Ndipo Tulizo alipozungumza. Alizungumza taratibu.

"Mara tatu mmenirudishia mtu mzima, na mara tatu watu wameniambia nishukuru. Mara ya pili, usiku kucha nilimsikia anavyolia, mfupa unapoota. Asubuhi akavaa viatu akaenda kazini, na mimi nikaonekana mke asiyeridhika. Sitaki azimwe tena na kuwashwa kama taa." Akamgeukia mumewe. "Uchechemee. Uchechemee niwe na kitu cha kuwaonyesha."

Obadia alifumba macho.  Kisha akanyoosha mkono, akautaka ule ubao wenye fomu ya ridhaa, akaweka sahihi bila kuisoma, akaurusha chini.

Kesho yake asubuhi walimlaza nusu kaputi. Sekela hakuwa ameshika skrubu ya mfupa kwa miaka tisa, na mabamba ilibidi yaletwe kutoka hospitali ya misheni iliyoyatunza kwa bahati tu. Alifanya kazi saa tano na nusu. Ilikuwa kazi ya useremala, ya jasho na nguvu za mabega, na pale nondo ndogo ya kutobolea ilipokwama kwenye mfupa aliokuwa ameuotesha yeye mwenyewe, mfupa mzuri, mgumu, usio na dosari, alilia ndani ya barakoa kwa hasira na hakuna aliyemfuta machozi kwa sababu hakuna aliyethubutu.

Aliponawa mikono alikwenda moja kwa moja ofisini, akajaza fomu kumi na tisa. Kwenye nafasi ya chanzo cha ulemavu aliandika mambo mawili kila mara: kuangukiwa na mwamba usioshikiliwa, na kurudiwa kwa ukuzaji wa mfupa kinyume cha muda uliowekwa na mbunifu wake. Kwenye fomu ya Obadia aliongeza kwamba aliyeruhusu kinyume hicho kwa mara ya kwanza ni mbunifu mwenyewe. Zamaradi aliisoma ile ya mwisho, akauliza kama ana uhakika. Sekela akamwambia azitume zote kabla hajabadili mawazo.

7

Handaki lilisimamishwa siku ya nne. Siku ya tano vitalu vyote sita vikafungwa kwa amri ya wizara, milango ikabandikwa karatasi, masinia yakazimwa joto. Magazeti yaliandika jina la Sekela kwa herufi kubwa kuliko la kampuni. Komba alihojiwa akasema kweli tupu, kwamba alifuata mpango uliopitishwa, na baada ya hapo akahamishiwa mradi mwingine. Wachimbaji wengi walimlaani Sekela. Wachache walikuja mlangoni kwake kupimwa akiba, wakaambiwa idadi zao, wakaondoka. Obadia, aliyekuwa bado kitandani, aligeukia ukutani kila Sekela alipopita.

Kwa watoto wa Mbeya angeweza kuandika barua. Alipanda basi badala yake.

Wa kwanza kwenye orodha alikuwa msichana wa miaka tisa, Lusungu, ambaye angepandwa mapaja yote mawili Jumatatu ile. Mama yake, Atuganile, mchuma chai wa Rungwe, alikuwa ameshajua, wauguzi walimwambia. Alikuwa amesimama katikati ya korido akimsubiri daktari, mikono imeshikilia ncha za kanga.

"Ni wewe uliyefungisha?"

"Ni mimi."

Sekela alianza kueleza habari ya handaki, matao, watu kumi na tisa. Atuganile alimwacha aseme hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti iliyosikika wodi nzima:

"Mwanangu hajachimba handaki."

 Sekela alisimama pale akitazamwa na wazazi waliotokeza kwenye milango ya vyumba, kila mmoja na mtoto wake nyuma yake, na hasira zao wote zilikuwa za haki. Alisema kwamba atabaki Mbeya. Alisema kwamba kwa kila mtoto atatia ufito wa chuma ndani ya mfupa, jinsi ilivyofanywa zamani, kwamba utasaidia nusu ya vile ambavyo kitalu kingesaidia, kwamba kila baada ya miaka michache utabadilishwa mtoto anapokua, na kwamba kila kuubadilisha ni kupasuliwa upya. Akasema ataanza Jumatatu, na Lusungu, kama mama yake atakubali.

 Atuganile hakumsamehe, na uso wake haukuficha hilo.

"Amekuwa akihesabu siku," alisema. "Amechora miguu ukutani kwa kalamu. Mimi sitamwambia. Ingia umwambie wewe, na usimwambie kwamba ni kampuni."

Akasogea pembeni, akaacha mlango wazi. Sekela akaingia, akavuta stuli hadi kando ya kitanda, akaketi mahali ambapo mtoto angeweza kumwona usoni, akaanza.